Umebatizwa Ukubwani: Namna ya Kuishi Siku Zilizobaki

Mtu aliyebatizwa ukubwani mara nyingi huingia kanisani na haraka yake. Anahesabu miaka iliyompita, kisha anataka kuifidia yote kwa msimu mmoja: anafunga hadi anadhoofika, anabishana barazani, anamwekea Mungu nadhiri ambazo hata mtawa angezifikiria mara mbili. Kwa maoni yangu, haraka hiyo ndiyo ya kushughulikiwa kwanza. Zaburi ya 90, inayotaja umri wa mwanadamu kuwa miaka 70, na 80 kwa mwenye nguvu, haimwombi Mungu aurefushe. Inamwomba atufundishe kuzihesabu siku zetu.

Unguja tunaye mtu wa kumtazama, Abdullah Susi. Yeye na James Chuma ndio waliokuwa mbele katika msafara ulioubeba mwili wa mmisionari David Livingstone kutoka Chitambo, alikofia, hadi pwani, mwaka 1873 na 1874. Chuma alikuwa amekwisha kubatizwa Bombay mwaka 1865, lakini Susi alibatizwa mwaka 1886, akapewa jina la David, na akafariki mwaka 1891. Ukristo wake ulidumu miaka kama mitano tu. Hakuna anayemkumbuka kwa urefu wa sala zake, bali kwa mzigo aliokabidhiwa akaufikisha, na hata jina tunalomwita mpaka leo ni lile la zamani. Kwa hiyo usitafute kwanza kazi mpya ya kumfanyia Mungu; anza na mizigo uliyokuwa nayo kabla ya maji ya ubatizo.

Mzigo wa kwanza ni madeni. Nenda kwa mwenye duka, muombe afungue daftari, mkubaliane utalipa kiasi gani kila wiki, hata kama ni kidogo. Mtaani watu watakupima kwa daftari hilo kabla hawajauangalia msalaba ulioning'iniza shingoni. Ukishindwa kulipa deni na kutoa sadaka kwa pamoja, mweleze padri au katekista wako. Atakuelewa kuliko unavyodhani.

Sala ya asubuhi haihitaji saa ya kengele, kwa kuwa katika visiwa hivi adhana ya alfajiri itakuamsha. Usiichukie. Inuka nayo, usome Zaburi moja, uwataje kwa majina watu utakaokutana nao siku hiyo, kisha uende kazini. Robo saa isiyokosekana ina faida kuliko mkesha mmoja unaofuatwa na mwezi wa usingizi.

Jambo zito kuliko yote ni jamaa zako, hasa kama ulilelewa katika Uislamu kama walivyo Wazanzibari walio wengi. Usiseme vibaya juu ya dini uliyotoka, kwa maana humo ndimo ulimofundishwa adabu, kufunga na kumcha Mungu. Ukiulizwa sababu ya kubatizwa, jibu kwa sentensi mbili au tatu, kisha uulizie hali ya mgonjwa wao. Usiwalazimishe wazee kukuita jina la ubatizo. Nyama inunue kwa mchinjaji yule yule anayeuzia mtaa mzima, ili shangazi yako akija aweze kula kwako bila wasiwasi. Mwezi wa Ramadhani usile njiani. Na jirani akikuletea sahani ya futari, usiirudishe tupu. Mama akikataa kukupokea, usisimame mlangoni ukatoa ushuhuda: mtume mtoto wa ndugu yako ampelekee kitoweo, na wiki ijayo umtume tena, na shikamoo isikome hata kama haiitikiwi.

Kanisani, chukua kazi ndogo ambayo itaonekana usipokuwapo, kama kufagia, kupanga viti au kumtembelea mzee asiyeweza tena kufika. Wanaosali katika kanisa la Mkunazini, mjini Unguja, wanasali mahali lilipokuwa soko la watumwa, na jiwe la msingi la kanisa lile liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo huo wa 1873 soko lilipofungwa. Anayefagia sakafu ile hahitaji kuambiwa kwamba kazi yake ina maana. Kwa mkaazi wa shamba huko Pemba hali ni nyingine: kanisa liko mbali, nauli ni ghali, na wakati wa mavuno karafuu haimngoji mtu, kwani huchumwa kabla ya kuchanua. Kubaliana na padri Jumapili zipi utafika, na zilizobaki usome masomo ya siku hiyo nyumbani, kwa sauti.

Mwisho, andika wasia mapema, ungali mzima. Visiwani maiti huzikwa upesi, na mwongofu asiyeacha neno huwaachia jamaa na kanisa mabishano juu ya jeneza huku jua linazama. Taja utakapozikwa, nani aongoze ibada, unamdai nani na nani anakudai, na uwaombe ndugu zako Waislamu wakae mbele pamoja na waumini. Kumbuka pia kwamba katika mirathi ya Kiislamu tofauti ya dini huzuia kurithiana. Kwa hiyo usilihesabu shamba la baba kuwa ni fungu lako, na umuone mwanasheria kabla ya kutia saini. Nakala moja mpe padri, nyingine mpe yule ndugu yako ambaye bado anapokea simu zako. Na kama kuna kitu unataka mama akipate, cherehani, mbuzi au fedha ya kuezeka paa, usikiandike kwenye wasia. Mpelekee wiki hii.