Kabla kiangazi hakijaingia: maandalizi ya mwenye pumu ya ngozi

Pumu ya ngozi, ugonjwa wa ngozi kukauka na kuwasha ambao wengine huuita ukurutu, haiondoki mara moja, hulala ikaamka. Nchini Uganda huamka hasa jua linapokaza. Kwa wakazi wa Kampala na maeneo ya kusini ni Desemba hadi Februari, kisha Juni hadi Agosti. Kule kaskazini, Gulu na Moroto, kiangazi ni kimoja kirefu kinachofika mpaka Machi. Wagonjwa wengi hawaangushwi na kutojua la kufanya. Huangushwa na mafuta kuisha wiki ya pili, jerikeni ya maji kupanda bei, na krimu kununuliwa usiku kwa pupa ngozi ikiwa imeshachubuka. Hayo yote yanapangika mwezi mmoja kabla.

Anza kwa kuhakikisha kwamba ugonjwa wenyewe ndio huo. Kwenye ngozi nyeusi ule wekundu unaotajwa sana hauonekani kirahisi. Utakachoona ni rangi ya kahawia iliyokoza, ya zambarau au ya kijivujivu, vipele vidogo vilivyozunguka vinyweleo, na ngozi kunenepa kama gamba la mti pale panapokunwa kila siku. Hukaa kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni na kwenye vifundo. Kwa mtoto mchanga huanzia mashavuni. Upele wa kuambukiza (skabisi) huufanania ugonjwa huu, ila wenyewe huwasha zaidi usiku, hujificha katikati ya vidole na sehemu za siri, na mara nyingi wengine wa nyumba ile ile nao hujikuna. Choa hutengeneza mduara wenye ukingo ulioinuka na katikati pametulia. Kukosea hapa kuna gharama: ukipaka krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, juu ya choa, mwasho hupungua kwa siku chache huku fangasi wakienea, na ule mduara unapoteza sura yake hata mtabibu ashindwe kuutambua. Mtu mzima aliyeanza kuwashwa mwili mzima akiwa mkubwa, bila historia yoyote ya utotoni, apime VVU kwanza. Kliniki za ngozi zipo katika hospitali ya Mulago jijini Kampala na katika hospitali ya rufaa ya Mbarara. Aliye mbali aanzie kituo cha afya cha daraja la nne, ambako kwa kawaida kuna daktari.

Sasa mafuta, na hapa tukae kidogo. Ngozi ya mwenye pumu hii ni kama ukuta wa matofali usiopigwa plasta: unyevu hutoka nje, vumbi, sabuni na vijidudu huingia ndani. Mafuta mazito ndiyo plasta yenyewe, na watu wengi huyapaka kwa kiasi cha kung'arisha, si cha kuziba. Mtu mzima aliyeshikwa mwili mzima huhitaji kama gramu 500 kwa wiki, mtoto gramu 250, kwa kupaka mara mbili kwa siku. Aliyeshikwa sehemu tu apime kwa sehemu: kwa mtu mzima, uso hula gramu 15 hadi 30 kwa wiki, viganja viwili 25 hadi 50, mikono yote miwili 100 hadi 200, miguu kiasi hicho hicho, kiwiliwili peke yake 400. Piga hesabu. Mtoto mmoja kwa wiki 12 za jua anahitaji kilo 3. Kile kikopo cha gramu 50 cha dukani, akipakwa inavyotakiwa, hakifiki siku mbili. Ndiyo maana mafuta hununuliwa mapema, kwa makopo makubwa na kwa bei ya jumla. Asiyeweza kununua yote kwa mkupuo aweke lengo la kopo moja kubwa kila wiki kuanzia mwezi wa maandalizi.

Ya aina gani? Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato wala rangi, yanatosha. Yale yenye picha ya mtoto anayecheka na harufu tamu ndiyo yanayoleta shida, kwa sababu manukato ni miongoni mwa vitu vinavyochokoza ngozi hii mara nyingi. Mafuta ya shea ya Acholi, Lango na West Nile, kaskazini mwa Uganda, ni chaguo zuri pia. Shea ya huku ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi na hupakika bila kupashwa moto. Lakini yanunue kwa mtu unayemwamini, maana yakichanganywa na mafuta ya kupikia huwezi kujua kwa macho. Mafuta ya zeituni yasitumike, yanadhoofisha ukuta badala ya kuujenga. Chochote kipya, hata kiwe cha asili, kijaribiwe ndani ya mkono karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku 7, kabla ya kupakwa mwilini. Mwarobaini, mululuza (mmea wa majani machungu) na majani mengine ya kuchemsha yanaingia kwenye sheria hiyo hiyo, na yasiguse ngozi iliyochanika.

Namna ya kupaka ni hii. Osha mikono, chota kwa kijiko safi badala ya kuchovya vidole, kwa sababu kopo linalochovywa hugeuka makazi ya bakteria. Weka matone matone, kisha yaburute kuelekea chini, kufuata mlalo wa nywele za mwili. Ukisugua kwenda juu unaziba vinyweleo, na baada ya siku chache utaona vijipu vidogo vyenye usaha. Ngozi ibaki inang'aa, itanyonya yenyewe. Anayeishi kwenye joto na unyevu wa kando ya ziwa, kama Entebbe, anaweza kuona mafuta mazito yanamchemsha mchana. Huyo atumie losheni isiyo na harufu mchana na mafuta mazito usiku.

Kuna hatari moja ambayo nyumba nyingi hazijaifikiria. Mafuta ya mgando yakishanyonywa na shuka, fulana au bandeji, kitambaa hicho hushika moto upesi na kuwaka kwa nguvu kuliko kikavu. Kufua hupunguza mafuta hayo, hakuyamalizi. Kwa hiyo aliyepakwa asikae karibu na sigiri inayowaka, asilale na mshumaa wala tadoba kando ya kitanda, na nguo zake za kulalia zitengwe. Mama anayejipaka mikono kisha akaenda kupuliza mkaa avue kwanza kitenge alichojifutia.

Kuoga nako kunahitaji mpango. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, maji yakiwa ya uvuguvugu: zamisha kiwiko kwenye beseni, kisisikie moto wala baridi. Kabale asubuhi ya Julai kila mtu hutamani maji ya moto, na kwa nusu saa mwasho hunyamaza kweli. Baadaye hurudi kwa kishindo kwa sababu maji ya moto yameondoa mafuta asilia. Sabuni ya kipande, ile ndefu inayokatwa dukani, ina pH (kipimo cha uchachu) ya 9 hadi 10, ilhali ngozi hutaka karibu na 5. Itumike kwapani, kinenani na miguuni tu, au isitumike kabisa. Sabuni zinazotangazwa kuwa zina dawa ya kuua vijidudu nazo hukausha. Ukitoka kwenye maji, jipige taratibu kwa taulo bila kusugua, ubaki na unyevu, kisha mafuta yapakwe ndani ya dakika 3. Kopo liwe limeshafunguliwa, pembeni ya beseni. Ukilifuata chumbani, ukapokea simu, muda umepita.

Kwenye kufua, kosa kubwa ni suuza moja. Maji yanapokuwa ghali watu hupunguza suuza, na sabuni ya unga inayobaki kwenye mshono wa kola au kwenye elastiki ya soksi hukwangua ngozi siku nzima. Nguo za mgonjwa zisuuzwe mara tatu. Bora sabuni ipungue nusu kuliko suuza. Mitumba ifuliwe kabla ya kuvaliwa mara ya kwanza. Nguo ya ndani iwe pamba, na sweta isigusane na shingo au viwiko.

Dawa ya kuzima moto wa ngozi, yaani mwasho na michubuko inapozidi, iwe ndani ya nyumba kabla moto haujawaka, na iwe imeandikwa na mtabibu. Kwa kawaida ni haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa uso na kwa watoto wadogo, na steroidi yenye nguvu zaidi, mfano betamethasoni, kwa sehemu nene za mwili wa mtu mzima. Hiyo ya pili haipakwi usoni wala kinenani bila kuelekezwa. Kipimo ni ncha ya kidole: mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye mkunjo wa kwanza, takriban nusu gramu, hutosha eneo la viganja viwili. Mkono mmoja wa mtu mzima bila kiganja huhitaji vipimo 3, mguu mmoja bila wayo vipimo 6. Tyubu ya gramu 15 ina vipimo 30, basi miguu miwili huimaliza chini ya siku 3 kwa kupaka mara moja kwa siku. Kati ya krimu hii na mafuta ipite kama nusu saa. Watu huogopa steroidi wakapaka kidogo kidogo kwa miezi. Ni salama zaidi kupaka ya kutosha kwa siku chache, ngozi ikalainika, ukaacha, huku mafuta yakiendelea.

Kinachostahili kuogopwa ni tyubu zenye dawa tatu ndani ya moja (steroidi, ya fangasi na ya bakteria) zinazouzwa bila cheti cha daktari, na krimu za kung'arisha ngozi. Soma boksi: ukikuta jina la klobetasoli, ambalo huandikwa kwa herufi C mwanzoni, umeshika steroidi yenye nguvu kuliko karibu zote. Mabaka meusi au meupe yanayobaki baada ya pumu kutulia si makovu na hayahitaji kung'arishwa; hufifia yenyewe kwa miezi.

Chakula kinasumbua akili za wazazi kuliko ngozi za watoto. Usimnyime mtoto maziwa, mayai, samaki na binyebwa (karanga) kwa kukisia tu. Utampunguzia protini na ngozi itabaki vile vile. Mzio wa chakula hujionyesha kwa kawaida ndani ya saa 2: midomo kuvimba, vipele vya ghafla, kutapika. Ukiona hivyo peleka hospitali, na akishindwa kupumua vizuri hiyo ni dharura.

Mengine ni madogo. Kucha zikatwe mara mbili kwa wiki, soksi za pamba zivalishwe mikononi usiku. Chandarua kipya chenye dawa kitundikwe kivulini saa 24 kabla ya kulaliwa. Jasho lioshwe kwa maji matupu mara tu kazi inapoisha. Mashuka maalumu ya kuzuia wadudu wa vumbi ni ghali na faida yake ni ndogo. Fedha hizo zinunue mafuta.

Kila mtu nyumbani ajue dalili zisizosubiri: maji ya njano yanayoganda kama asali, maumivu kuzidi mwasho, homa, na hasa malengelenge madogo ya ukubwa mmoja yaliyokaa makundi makundi na kuacha vishimo. Haya ya mwisho huweza kuwa virusi vya hapesi, na huonwa na daktari siku hiyo hiyo. Mwenye kidonda cha homa mdomoni, ambacho huletwa na virusi hivyo hivyo, asimbusu mtoto huyu.

Mwenye mtoto wa bweni ana kazi ya ziada, kwa kuwa muhula wa kwanza hufunguliwa katikati ya jua la Februari. Kilo 3 za mafuta hazihifadhiki wazi kwenye sanduku la bwenini. Zigawe kwenye makopo ya nusu kilo, mtoto akae na moja, mengine yawe kwa metroni. Tia kijiko chenye jina, beseni lake mwenyewe, mashati mawili ya pamba ya mikono mirefu ya kuvaa chini ya sweta, na barua ya daktari isemayo mambo matatu: huu ugonjwa hauambukizi, asilazimishwe kuogea sabuni ya kufulia, na aruhusiwe kupaka mafuta mchana bila kuonekana anatoroka darasa.