Namna ya Kuwafundisha Watoto Viambishi vya Maneno ya Kiingereza

Mtoto anayezungumza Kiswahili huambisha maneno, yaani huongeza vipande mwanzoni au mwishoni mwa neno ili kupata neno au maana nyingine, kabla hajajua kusoma. Hakuna aliyemkalisha kitini kumweleza kwamba kutokana na "lima" atapata "mkulima", "kilimo" na "limisha", lakini huyatumia yote bila kusita. Anapoanza Kiingereza, mara nyingi hupewa "happy" leo, "unhappy" mwezi ujao na "happiness" mwaka unaofuata, kana kwamba ni maneno matatu yasiyojuana, na hulazimika kukariri kila moja peke yake. Mzazi au mwalimu anayetaka kumwondolea mzigo huo amwonyeshe kwamba ujuzi anaoutumia katika lugha yake unafanya kazi hapa pia, ingawa kwa kanuni nyingine.

Wakati unaofaa kuanza ni pale mtoto anapoweza kusoma maneno mafupi bila kuhangaika, kwa sababu kiambishi hakimfundishi chochote ikiwa shina lenyewe, yaani neno la msingi linalobebeshwa kiambishi, halijui. Anza na viambishi tamati, vya mwishoni mwa neno, "-s", "-ed" na "-ing", ambavyo atavikuta karibu katika kila ukurasa, kisha uhamie kwenye viambishi awali vichache, vile vya mwanzoni. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1989 ulionyesha kwamba "un-", "re-", "in-" pamoja na maumbo yake mengine, na "dis-" vinapatikana katika takribani asilimia 58 ya maneno yenye viambishi awali katika Kiingereza cha vitabu vya shule. Kwa hiyo zile orodha ndefu zinazobandikwa ukutani hazina haraka. Vinne hivi vikieleweka vizuri vitamfikisha mtoto mbali.

Somo la kwanza la "un-" liende polepole. Andika "happy", "kind", "fair" na "safe", hakikisha mtoto anaeleza maana ya kila neno, kisha andika sentensi kama "The road is unsafe" na umwache akisie. Usimtajie kanuni. Baada ya maneno matatu au manne ataisema mwenyewe, na kanuni aliyoigundua hukaa kichwani kuliko ile aliyotajiwa. Akishaizoea, mletee "untie", "unlock" na "unpack". Hapa "un-" haina tena maana ya "si", bali inaonyesha kutendua jambo lililokwisha kufanyika, na mtoto wa Kiswahili ana msaada wa pekee, kwa kuwa anajua "funga" na "fungua", "kunja" na "kunjua", "ziba" na "zibua". Mwambie ayaweke maneno ya Kiingereza katika makundi mawili, yale ya kukanusha sifa na yale ya kutendua, naye ataona kwamba kundi la kwanza limejengwa juu ya vivumishi na la pili juu ya vitenzi.

Kiambishi "re-" ni chepesi: "rewrite" ni kuandika upya, "refill" ni kujaza tena. Kinachohitaji uangalifu zaidi ni "-er". Kiswahili humtaja mtendaji kwa kugusa neno mwanzoni na mwishoni, kama katika "msomaji", ilhali Kiingereza hugusa mwisho tu: "reader", "farmer", "singer". Hata hivyo, "-er" ya "taller" na "faster" ni ya kulinganisha, na haifai kufundishwa wiki moja na ile ya mtendaji. Pia si kila "-er" ni mtu. Watoto wengi humwita mpishi "cooker", wakati neno hilo ni jina la jiko, naye mpishi huitwa "cook". Kosa hilo lina mantiki kamili, kwa hiyo lisahihishwe kwa upole.

Mapema kabisa, mfundishe mtoto kutilia shaka. Akishajua "un-" ataiona ndani ya "uncle" na "under", na atadhani "corner" ni mtendaji wa jambo fulani. Mpe jaribio lenye maswali mawili: ukifunika kiambishi, je, kilichobaki ni neno? Na je, maana ya neno hilo inahusiana na ya neno zima? "Uncle" huanguka katika swali la kwanza. "Corner" hupita la kwanza, kwa kuwa "corn" ni mahindi, lakini huanguka katika la pili. Vivyo hivyo "repair" haihusiani na "pair", yaani jozi. Jaribio hili si kamilifu, maana Kiingereza kina mashina ya Kilatini yasiyosimama peke yake, kama "-ject" ya "reject" na "inject", lakini hayo yasubiri hadi mtoto akue.

Tahajia ndiyo sehemu ambayo viambishi hulipa zaidi. Kiambishi awali hakibadilishi herufi za shina: "un" na "necessary" hutoa "unnecessary" yenye n mbili, "mis" na "spell" hutoa "misspell", lakini "dis" na "appear" hutoa "disappear" yenye s moja tu, kwani hakuna s ya pili ya kuongeza. Mtoto anayejua mshono ulipo hana haja ya kukisia. Viambishi tamati ndivyo vinavyogusa shina. Herufi e isiyotamkwa hudondoka kwa kawaida mbele ya irabu, ndiyo maana "hope" huwa "hoping" ila hubaki nzima katika "hopeful"; y inayofuata konsonanti hugeuka i, kama katika "happiness"; na konsonanti ya mwisho ya neno fupi kama "hop" hurudufiwa katika "hopping". Mwandikie "hoping" na "hopping" bega kwa bega na umwombe asome kwa sauti, ndipo ataona kazi ya p ya pili.

Kuhusu "in-" inayokuwa "im-" katika "impossible", "il-" katika "illegal" na "ir-" katika "irregular", mkumbushe kwamba husema "nyumba nzuri" lakini "nyumba mbaya". Midomo inayojiandaa kutamka b au p huivuta n iwe m. Mwonye tu kwamba "un-" haifuati mkondo huo: "unpack" hubaki ilivyo.

Viambishi vinavyobadilisha aina ya neno vifundishwe ndani ya sentensi zenye pengo, si kwa majedwali. Chukua familia moja, kwa mfano "care", "careful", "careless", "carefully" na "carelessness", kisha mpe "She carried the glass ___". Mtoto atakayeweka "careful" ameelewa maana, lakini bado hajaona kwamba kitenzi kinataka kielezi chenye "-ly". Neno refu livuliwe kutoka nje kwenda ndani: ondoa "-ness", ondoa "-less", na "care" itajitokeza.

Ili kujua kama ameelewa au amekariri, tumia neno la kubuni. Mwaka 1958 mwanaisimu Jean Berko alichapisha matokeo ya jaribio ambamo watoto walionyeshwa picha ya kiumbe aliyeitwa "wug", wakatakiwa kutaja wawili, na wengi walisema "wugs" ingawa hawakuwahi kulisikia neno hilo. Wewe pia buni kitenzi, tuseme "plim", chenye maana ya kufunga fundo, kisha muulize fundo hilo litafunguliwa kwa kitenzi gani na afungaye aitwe nani. Akijibu "unplim" na "plimmer", amekwisha kumiliki kanuni. Na siku atakapoandika "stealer", msifu kwanza kwa kuunda neno kwa kufuata kanuni, ndipo umweleze kwamba nafasi hiyo Kiingereza kimekwisha kuipa "thief".