Sanaa ya Posta Kutoka Nairobi: Namna ya Kutengeneza Kadi, Kuituma Ng'ambo na Kuendeleza Mawasiliano

Sanaa ya posta ni kazi ndogo ya mkono, aghalabu kadi au bahasha, ambayo msanii humtengenezea msanii mwenzake na kuikabidhi posta bila kuiuza na bila kutarajia irudi. Mmarekani Ray Johnson, aliyeanza katika miaka ya 1950 kuwatumia marafiki na hata watu asiowajua vipande vya kolaji, yaani picha zinazoundwa kwa kubandika vipande vya karatasi, kutoka New York, ndiye anayehesabiwa kuwa mwasisi wake. Mtandao wake ulikuja kuitwa New York Correspondance School, jina ambalo tahajia yake ilipotolewa makusudi ili neno la dansi lijifiche ndani yake, na mwaka 1970 kazi za watu waliokuwa wakiandikiana naye zilionyeshwa katika jumba la Whitney Museum. Mwongozo huu ninamwandikia mkazi wa Nairobi anayejua kushika mkasi na gundi, lakini hajawahi kununua stempu ya kwenda ng'ambo.

Hatua ya kwanza: tafuta anwani ya kupokelea

Wengi huanza na karatasi na rangi, lakini mimi hushauri uanze na sanduku, kwa sababu kazi isiyo na anwani ya kujibiwa ni safari ya upande mmoja. Kwetu barua za kawaida huishia katika sanduku la posta, si mlangoni, kwa hiyo una njia tatu: kukodi sanduku lako, kuomba kutumia la ndugu au la mahali unapofanya kazi, au kusajili nambari yako ya simu iwe anwani kupitia huduma ya MPost, ambayo hukupasha habari kwa ujumbe barua inapowasili. Ukitumia sanduku la mtu mwingine, mweleze mapema ni vitu vya namna gani vitakavyoanza kuingia. Shangazi yangu, ambaye ndiye mwenye ufunguo wa sanduku ninalotumia, alishtuka sana siku alipokuta bahasha iliyochorwa jicho kubwa lenye machozi mekundu, akanipigia simu kuuliza nimegombana na nani. Siku hizi yeye huzisoma kadi zote kabla yangu na ana wasanii wake anaowapenda.

Unapoijaza anwani yako katika kazi ya kwenda nje, andika P.O. Box na si S.L.P., kwa sababu wapangaji barua wa Lisbon au Osaka hawajui herufi zetu. Taja msimbo wa posta, kama vile 00100 wa Posta Kuu au 00200 wa City Square, kisha umalizie na neno KENYA kwa herufi kubwa katika mstari wake wenyewe.

Hatua ya pili: tafuta wa kumtumia

Kazi nyingi husafiri kwa kuitikia mwito. Msanii au jumba fulani hutangaza mada, ukubwa, tarehe ya mwisho na anwani, na kila anayetaka hutuma. Kwa desturi iliyozoeleka, hakuna mchujo, hakuna ada, kazi hazirudishwi, na kila aliyeshiriki hupata orodha au kijitabu cha kumbukumbu. Ukikuta mwito unaodai malipo ya kushiriki, achana nao. Huenda ukawa shindano halali, ila si sanaa ya posta.

Mradi ninaompendekezea anayeanza ni Brain Cell, ambao Ryosuke Cohen wa Japani ameuendesha tangu mwaka 1985. Washiriki humtumia mihuri, vibandiko au picha ndogo, naye hukusanya vitu hivyo katika karatasi moja kubwa yenye nakala zipatazo 150, kisha humrudishia kila mmoja nakala yake pamoja na majina na anwani za wenzake. Karatasi moja ya namna hiyo inatosha kukupa watu wa kuandikiana nao kwa mwaka mzima.

Kumbuka pia kwamba kadi isiyo na bahasha husomwa na kila mkono unaoishika. Clemente Padín wa Uruguay alifungwa mwaka 1977 chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu ya kazi zake, kwa hiyo usimwandikie mtu anayeishi katika nchi yenye ukali neno ambalo yeye mwenyewe hangelitamka hadharani.

Hatua ya tatu: tengeneza kadi

Kanuni za posta ya kimataifa huweka kiwango cha chini cha kadi kuwa milimita 90 kwa 140, na cha juu kuwa milimita 120 kwa 235. Mimi hutumia A6, yaani milimita 105 kwa 148, kwa sababu karatasi moja ya A4 hutoa kadi nne bila makombo. Manila ya dukani ni nyepesi mno. Gundisha mbili pamoja, au ukate upande laini wa pakiti ya majani ya chai au ya sabuni ya unga, ambao una ukakamavu unaofaa na haukugharimu chochote.

Kuhusu mali ya kubandika, usihangaike kuiga unachokiona kutoka Ulaya. Anayefungua sanduku kule ana magazeti ya kwao tele. Asichonacho ni ukurasa wa Taifa Leo, tikiti ya basi, au kipande cha kanga. Kanga inanivutia kuliko vyote kwa sababu ya jina lake, yale maandishi ya chini. Nenda Mtaa wa Biashara ununue moja, au uombe iliyochakaa nyumbani, kisha ukate neno moja au mawili tu ya jina na kuacha sentensi ikining'inia. Piga kitambaa pasi kwanza. Paka kadi, si kitambaa, gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji kidogo, ulaze kitambaa kuanzia katikati ukielekea pembeni, kisha uache usiku kucha kati ya magazeti chini ya vitabu vizito. Usikate kingo kabla ya gundi kukauka, la sivyo nyuzi zitachomoka zote.

Kifaa cha pili ninachokithamini ni muhuri wa kuchonga mwenyewe. Nunua raba kubwa ya kufutia, nyeupe na laini. Chora picha au herufi zako kwa penseli laini juu ya karatasi nyembamba, geuza karatasi uso chini juu ya raba, na usugue mgongo wake kwa kijiko mpaka mchoro uhamie. Utauona umegeuka kama katika kioo, na hivyo ndivyo unavyotakiwa uwe, kwani ukigonga utarudi sawasawa. Chukua wembe uondoe sehemu zisizochorwa, ukiuinamisha mbali na mstari ili kila mstari uwe mpana chini kuliko juu. Mstari uliochongwa wima, au uliochimbwa kwa ndani, hukatika baada ya kugongwa mara kumi. Anza na umbo nene, kwa mfano jani la sukuma wiki. Majina yenye herufi nyembamba yaache mpaka mkono uzoee.

Wasanii wengi hutengeneza pia stempu zao za kubuni na kuzibandika kando ya zile halali. Vitundu vya kingoni hupatikana kwa kupitisha karatasi katika cherehani isiyo na uzi. Fundi wa nguo wa mtaani kwetu hunifanyia, lakini huniagiza nije na sindano yangu, kwani karatasi hutia sindano ubutu. Usiibandike stempu ya kubuni katika kona ya juu ya kulia wala usiiandike thamani ya shilingi, ili karani asidhani unajaribu kukwepa malipo.

Usitumie mbegu, majani makavu wala maua, hata yakipendeza namna gani. Nchi nyingi, na hasa Australia, hukagua kwa ukali vitu vya mimea vinavyoingia, na kadi yako inaweza kuharibiwa mpakani.

Hatua ya nne: panga upande wa anwani

Hapa ndipo nilipoaibika. Kadi yangu ya kwanza, iliyokuwa ikienda São Paulo, niliipamba sana hata nafasi ikanibana, nikaandika jina la mpokeaji upande wa kushoto kwa herufi ndogo, na langu upande wa kulia, chini ya stempu, kwa herufi nzuri za kujivunia. Baada ya wiki tatu shangazi aliniletea kadi hiyohiyo, stempu ikiwa imegongwa muhuri vizuri kabisa. Nilikuwa nimejitumia barua mwenyewe.

Basi anwani ya mpokeaji ikae nusu ya kulia, na jina la nchi katika mstari wa mwisho kwa herufi kubwa, huku yako ikiwa ndogo katika kona ya juu kushoto. Andika kwa wino usioyeyuka kwa maji, hasa ukituma wakati wa mvua za Aprili. Kifaransa ndicho lugha rasmi ya Umoja wa Posta Duniani, na ndiyo sababu maneno PAR AVION hueleweka kila mahali kuwa barua iende kwa ndege. Yaandike juu ya anwani, upande wa kushoto wa stempu.

Hatua ya tano: peleka posta

Piga picha pande zote mbili kwanza, maana kazi hairudi. Kisha nenda mwenyewe dirishani, wala usitumbukize tu. Mimi huenda Posta Kuu, Barabara ya Kenyatta, asubuhi kabla foleni haijawa ndefu. Mwombe karani aipime, kwani kitambaa na gundi huongeza uzito kuliko unavyodhani, na umwombe stempu za kubandika badala ya lebo ya mashine. Ukimweleza kwa adabu kwamba ni kazi ya sanaa, mara nyingi atakubali kuugonga muhuri wa tarehe polepole na kwa unadhifu. Muhuri ule ni sehemu ya kazi, na wapokeaji huutazama kabla ya picha. Ikiwa umetia bahashani kitu kisicho karatasi, uliza kuhusu fomu ya forodha ya CN22. Kwa mwito wenye tarehe ya mwisho, mimi huhesabu miezi miwili kamili.

Hatua ya sita: weka kumbukumbu, kisha ujibu

Katika daftari andika tarehe, jina, nchi na kilichomo. Safu ya mwisho iachie jibu. Wengine hawatajibu, na usiwadai. Anayekujibu naye umjibu, hata kwa kadi ndogo. Ukipokea karatasi inayokutaka uongeze kitu na kuipitisha mbele, mtindo ambao Ray Johnson aliupenda, usiikalie. Ongeza chako ndani ya wiki moja uipeleke. Bahasha usizitupe. Mimi huzisimamisha katika sanduku la viatu, zikipangwa kwa nchi, mahali pakavu pasipo na mende.