Namna ya Kutengeneza Utando wa Oksidi ya Zinki kwa Kuanzia na Metali Yenyewe

Oksidi ya zinki ni semikondakta (dutu inayopitisha umeme kwa kiasi tu) inayopitisha mwanga unaoonekana na kufyonza ule wa urujuanimno, na hutengenezeka hata katika maabara ya chuo isiyo na mashine za ombwe. Hatua ya kuangaliwa kuliko zote ni ile ya kuyeyusha metali ndani ya asidi, kwa sababu uchafu ukishaingia hapo tanuru haliwezi kuuondoa.

Tia mililita 12 za asidi ya asetiki isiyochanganywa katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa, kisha ongeza gramu 8 za chembe za zinki ya maabara na upashe moto hadi nyuzi 60 hivi. Magamba ya betri kuukuu yasitumike, kwani mara nyingi yana risasi. Viputo vinavyopanda ni vya hidrojeni, gesi inayoshika moto upesi. Kwa hiyo fanyia kazi kwenye kabati la kutolea gesi, mbali na mwali wowote, ukiwa umevaa miwani na glavu.

Asidi hiyo humaliza takriban gramu 7 tu za zinki, na ziada imeachwa kwa makusudi: zinki ni tendaji kuliko shaba, risasi na kadimi, hivyo huzitoa kwenye mmumunyo zikajikusanya juu yake kama unga mweusi. Ndiyo maana nasisitiza mmumunyo uachwe usiku kucha kabla ya kuchujwa. Baada ya kuchuja, ongeza matone machache ya asidi ili usifanye ukungu mweupe, kisha uukaushe taratibu juu ya bakuli la maji ya moto mpaka fuwele za asetati ya zinki zijitokeze.

Pima gramu 5.5 za fuwele hizo, uzikoroge katika isopropanoli pamoja na mililita 1.5 za monoetanolamini (kimiminika kinachosaidia fuwele kuyeyuka), ujazo wote ukiwa mililita 50, kwa nyuzi 60 hadi mmumunyo ung'ae. Chovya kioo kilichooshwa vizuri na ukivute juu polepole bila kutetereka, kwani kila mtikiso huacha mstari. Acha pombe yote ikauke, ndipo ukichome kwa nyuzi 450 kwa saa moja. Kipoe ndani ya tanuru kisije kikapasuka.

Ili kuupima utando, paka nukta mbili za rangi yenye chembe za metali ya fedha, unganisha kifaa cha kupimia ukinzani wa umeme, kisha umulike kwa taa ya urujuanimno: ukinzani unapaswa kushuka waziwazi.