Valvu inayojifunga porini: akchueta ya gesi na oili inavyofanya kazi na namna ya kuishika

Vijana mnaoanza kazi za bomba la gesi, mliotoka VETA, DIT na kwingineko, hii nawaandikia nyinyi hasa, maana nimeona wengi wanafika kituo cha valvu, wanakuta lile dude limekaa juu ya bomba, yaani akchueta, mtambo unaoifungua na kuifunga valvu, matenki mawili yamesimama, silinda ndefu imelala, vibomba vidogo vimezunguka kama utumbo, wanaona aibu kuuliza, wanafuta vumbi wanaandika kwenye fomu "iko sawa" wanaondoka. Mtambo ule sio mgumu. Ufuate tu, gesi inaingilia wapi na inatokea wapi, nusu saa inakutosha.

Kwanza muelewe kwa nini upo. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar mwaka 2004, afu 2015 likaja lile bomba la inchi 36 kutoka Mtwara. Mabomba ya namna hii yanapita mashambani, maporini, mabondeni, na kila baada ya umbali fulani lazima kuwe na valvu kubwa ya kukata gesi kipande kwa kipande. Sasa huko umeme wa gridi mara nyingi hakuna, na barabara nayo ni ya kubahatisha. Mei 2024 si mnakumbuka mvua za kimbunga Hidaya zilivyokata barabara ya Dar kwenda Lindi pale Somanga, magari yakakaa foleni siku kadhaa? Fikiria wewe ndo umetumwa siku hiyo ukafunge valvu kwa mkono ng'ambo ya pili. Na kule Marekani, mji wa San Bruno jimbo la California, tarehe 9 Septemba 2010 bomba la inchi 30 lilipasuka katikati ya makazi, watu 8 wakafa, nyumba 38 zikateketea, gesi ikachukua dakika 95 mpaka kukatwa kwa sababu valvu zenyewe zilikuwa za kufungwa kwa mkono na mafundi walitakiwa kuzifuata kwa gari. Hiyo ni mjini, lami tupu. Mimi kila nikigusa hizi valvu nawaza zile dakika 95.

Kwa hiyo watengenezaji wakajiuliza, huko porini nguvu tunayo ya nini? Ya gesi yenyewe! Imo ndani ya bomba, ina presha kubwa, iko pale usiku na mchana. Piga hesabu kidogo: gesi ya bar 70 (bar ni kipimo cha presha) ikisukuma pistoni yenye kipenyo cha sentimita 20 inatoa msukumo wa zaidi ya tani 22. Inatosha kabisa kugeuza tufe la chuma lililomo ndani ya valvu, hata kama limekaa miezi halijaguswa.

Utauliza, sasa oili ya nini, si gesi ingesukuma pistoni moja kwa moja? Ingeweza, ila gesi inabinyika kama springi. Valvu ikiwa imeng'ang'ania, gesi inajikusanya inajikusanya, afu ghafla valvu inaachia, inaruka, inagonga mwisho, na kwa chuma kizito namna ile unavunja kitu. Oili haibinyiki hivyo. Ukiilazimisha ipite kwenye tundu dogo, pistoni inakwenda kwa mwendo unaoutaka wewe. Mafundi wengi wanatumia kipimo cha takriban sekunde moja kwa kila inchi ya valvu, kwa hiyo valvu ya inchi 36 ikichukua kama nusu dakika na ushei usishangae, ila namba ya kufuata ni ile iliyoandikwa kwenye karatasi za kituo chako. Oili pia inazuia uchafu na unyevu wa gesi usile silinda, na inakuwezesha kutumia pampu ya mkono siku gesi haipo.

Sasa tuifuate njia. Gesi inachotwa pande zote mbili za valvu, inakotoka gesi na inakoelekea, maana valvu ikiwa imefungwa upande mmoja unaweza ukawa mtupu, kwa hiyo upande wenye presha kubwa ndo unalisha. Inapita kwenye filta ya kuikausha na kuisafisha, inapita kwenye nonritani, kijivalvu kinachoruhusu gesi kwenda upande mmoja tu, inaingia tenki la akiba. Hapo simama kwanza, kwa sababu hapo ndo roho ya mtambo mzima. Bomba likipasuka presha inashuka, yaani chakula cha akchueta kinaisha saa ileile kinapohitajika! Kile kijinonritani kidogo ndo kinazuia gesi ya tenki isirudi bombani ikapotea, na tenki linakuwa na gesi ya kutosha kufunga, mara nyingi hata ya kurudia mara mbili tatu. Nonritani ikivuja, mtambo wako unafanya kazi vizuri kila siku isipokuwa siku ya ajali. Ipime. Funga gesi inayoingia, toa presha ya upande wa bomba kwa utaratibu wa kituo, angalia geji ya tenki la akiba kwa muda. Ikishuka, inavuja, usiandike "iko sawa".

Kutoka tenki la akiba gesi inafika kwenye boksi la kuongozea, ambalo lina njia mbili, ya kufungua na ya kufunga. Kila njia ina mlango mdogo unaofunguliwa na solenoidi, yaani koili ya sumaku ya umeme, kawaida ya volti 24 inayokula betri ya sola, au na mkono wako kwa kuvuta wenzo. Tuseme kontroli rumu wametuma amri ya kufunga: solenoidi inafungua, gesi inaingia juu ya tenki moja la oili (ndo yale mawili yaliyosimama), inaisukuma oili chini, oili inapita kwenye skrubu ya mwendo, lile tundu dogo nililolisema, inaingia silinda, pistoni inatembea. Fimbo ya pistoni ina pini iliyokaa kwenye mwanya wa mkono wa chuma, pini ikisogea mkono unazunguka, valvu inageuka nyuzi 90. Oili ya upande wa pili inarudi tenki la pili, kilichokuwemo juu yake kinatoka nje. Ule mkono wa mwanya una uzuri wake, nguvu yake ni kubwa mwanzoni na mwishoni, na kwa safari ya kufungua pale mwanzoni ndipo tufe linapojinasua kwenye sili zake. Kuna aina nyingine haina pistoni, ina panga linalozunguka ndani ya chumba cha duara, lakini habari za gesi na oili ni zilezile.

Ikifika mwisho gesi iliyokuwa juu ya oili inaachiwa hewani, utasikia fyuuuu kubwa, usishtuke. Kwa maana hiyo matenki ya oili yanatakiwa yawe hayana presha muda wote mtambo umetulia, ukikuta yana presha ujue mlango mmoja unavuja. Na kwa kuwa hii aina haina springi ya kurudisha, umeme ukikatika valvu inabaki palepale ilipo.

Tuje kwenye kujifunga yenyewe bila kuambiwa na mtu, hapa mimi ndo napapenda. Mtambo wenyewe unajuaje kwamba bomba limepasuka na sio kwamba wateja tu wamefungua gesi nyingi? Unaangalia kasi ya presha kushuka. Ule wa kizamani usiotumia umeme una kijitenki kidogo kilichounganishwa na bomba kupitia tundu dogo sana, katikati kuna kiwambo. Presha ya bomba ikishuka polepole, kijitenki nacho kinapumua polepole kupitia lile tundu, pande mbili zinabaki sawa. Bomba likipasuka presha inaporomoka, tundu haliwahi, kijitenki kinabaki na presha kubwa kuliko bomba, kiwambo kinasukumwa, kinafungulia gesi upande wa kufunga. Basi! Hakuna kompyuta wala betri wala simu. Siku hizi kuna vya elektroniki vinavyopima presha kila baada ya sekunde chache na kupiga hesabu, wazo ni lilelile. Kazi ngumu iko kwenye kuseti: ukiweka kali mno, compresa ikiwashwa au kiwanda kikubwa kikianza kuvuta gesi valvu inajifunga na mji unakosa umeme, ukiweka legevu haitashtuka bomba likipasuka mbali. Kwa hiyo hiyo namba inatoka kwa wahandisi waliopiga hesabu za bomba zima, usiibadilishe kwa kuhisi. Na ikishajifunga haijifungui, lazima mtu aende airiseti palepale baada ya kujua kilichotokea.

Kuishika sasa. Usiguse chochote kabla ya kuongea na kontroli rumu, pima gesi hewani, usisimame mbele ya bomba la kutolea gesi. Simu ya kawaida iache kwenye gari, ingia na redio au simu iliyoruhusiwa kituoni tu. Kama unataka kufungua valvu iliyofungwa, fungua baipasi kwanza, kile kibomba cha pembeni kinachoizunguka valvu, presha za pande mbili zikaribiane, maana kuburuza tufe wakati upande mmoja una bar 70 na mwingine mtupu ni kuchana sili. Kupima oili unachomoa kijiti, ila kabla ya kulegeza kijiti hakikisha hilo tenki limetolewa presha yote, tafadhali sana hapo, kijiti kinaweza kukuruka usoni. Ukitaka pampu ya mkono, funga gesi inayolisha, toa presha matenki yote mawili, weka swichi ya pampu upande unaoutaka, afu pampu. Itachosha, kwa valvu kubwa ni mamia ya mapigo, pokezaneni.

Magonjwa yake nayajua machache yanayojirudia. Oili ikijazwa kupita kiasi inatapikwa na gesi. Gesi yenye unyevu nayo ni shida, inaposhuka presha inapoa karibu nusu digrii kwa kila bar, vitundu vidogo vinaganda barafu hata kama nje kuna joto la Lindi, ndo maana filta isipuuzwe. Nyigu wanajenga tope kwenye mdomo wa kutolea gesi, oili haiwezi kurudi vizuri, valvu inakwenda kwa kusuasua, weka wavu. Ila kubwa kuliko yote nimelikuta kwenye kituo kimoja: kijivalvu cha kuingiza gesi kimefungwa, fundi alimaliza kazi miezi iliyopita akasahau kukifungua, na kwenye fomu za kila mwezi imeandikwa iko sawa, iko sawa, iko sawa. Niliona baridi mgongoni.

Kila safari moja gesi inatupwa hewani, na methane inapasha dunia joto mara kama 28 kuliko kaboni dayoksaidi kwa miaka 100, kwa hiyo wengine sasa wanatumia mitungi ya naitrojeni au pampu ya umeme wa sola badala ya gesi ya bomba. Naunga mkono. Lakini hilo lisiwe sababu ya kuacha kujaribu valvu, kwa majaribio ya kawaida unaweza kuisogeza kidogo tu, digrii chache, ukairudisha, unajua haijashika kutu.

Kabla hujafunga geti: swichi ya pampu imerudi kwenye auto, kijivalvu cha gesi kiko wazi na kimetiwa lakiri, geji ya akiba haisomi chini ya bomba, mshale juu ya valvu unaonyesha kilekile wanachokiona kontroli rumu. Wapigie wakusomee wanachoona wakati bado umesimama pale.