Andikeni kabla ya kuijadili filamu
Mkitazama filamu pamoja, kila mmoja aandike kwenye karatasi, kabla yeyote hajatoa maoni, tukio moja lililomgusa na mahali alipowahi kukutana na jambo kama hilo maishani mwake. Tulijaribu hivyo kwa Hatari!, filamu ya mwaka 1962 kuhusu watu wanaokamata wanyamapori wakiwa hai kwa magari, iliyorekodiwa huku kwetu Arusha: mwenzetu aliyekulia karibu na Momella, eneo linaloonekana humo, aliandika juu ya ardhi ya nyumbani, mwenye asili ya ufugaji akawahurumia wanyama waliokimbizwa, nami, mtoto wa mjini, niliona mbio za magari tu. Karatasi husaidia kwa sababu msemaji wa kwanza, hasa akiwa mzee, huwavuta wengine wote upande wake. Njia hii haifai pale filamu inapogusa msiba ulio mbichi kwa mmoja wenu.