Jinsi ya kufuatilia hela za NGO ndogo ya elimu mwaka hadi mwaka

Wengi tunaoendesha NGO ndogo za elimu hapa Tanzania tunaangalia salio la benki tu, likisoma milioni 30 tunajiona tuko vizuri, kumbe milioni 26 ni za mfadhili wa madawati na huruhusiwi kuzigusa hata kulipia luku ya ofisi. Kwa hiyo fungua eksel, weka safu mbili, hela zenye masharti na hela huru, kila mwisho wa mwezi andika zimebaki ngapi huku na ngapi huku.

Halafu rudi nyuma miaka mitatu, chukua stetimenti za benki na za simu, jaza mwezi kwa mwezi kilichoingia na kilichotoka. Hapo ndio utashtuka na Januari. Shule zinafunguliwa, watoto wanataka sare, madaftari, wa bweni wanataka magodoro na nauli (elimu bila malipo ipo tangu 2016 ndio, ila ada iliondoka, hayo mengine yakabaki kwa mzazi), wakati hela ya mfadhili inaingia Machi, akichelewa Mei. Ukijumlisha mwaka mzima zinatosha kabisa, tarehe tu ndio hazikutani. Sasa unapoandika bajeti omba awamu ya kwanza itoke Novemba, na pole pole jiwekee hela huru za kuwavusha miezi mitatu. Kuazima kwenye mradi mwingine eti "tutarudisha" msijaribu, mimi nilifanya hivyo mwaka mmoja, mkaguzi alivyokuja nilitamani ardhi ipasuke.

Kwenye hiyo hiyo eksel cheki mfadhili mmoja amebeba asilimia ngapi. Akiwa juu ya nusu miaka yote mitatu, andiko linalofuata la kuomba hela peleka kwa mwingine.

Vitu vinavyosahaulika kwenye bajeti: ada ya mwaka ya Msajili wa NGO, mkaguzi wa hesabu, michango ya hifadhi ya jamii NSSF (asilimia 20 ya mshahara, mwajiri na mfanyakazi kwa pamoja), makato ya miamala. Vigawe kidogo kidogo kwenye kila mradi. Na kanuni za NGO za 2018 zilitaka mkataba na mfadhili wa zaidi ya milioni 20 upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10, kwa hiyo ukisaini tu weka alamu kwenye simu.

Bodaboda na mama wa chakula hawana risiti, chapisheni vocha zenu za malipo, asaini na aandike namba ya simu siku hiyo hiyo, msisubiri Desemba mje kumtafuta mtu alishahama mtaa.